Chukudu ya dhahabu haina bage



Mwezi uliopita ukurasa huu ulijaa picha za ronpwe ya Chukudu ya Goma. Karibu kila mtu aliyefanya defanse alikwenda kusimama pale na toga, nyuma yake ile sanamu ya rangi ya dhahabu. Chini ya picha tukasoma: "Alama ya ubunifu wetu." "Kivu haichoki." Mmoja akaandika "rezilianse" na mioyo mitano. Mimi pia niliweka jem. Sikuwaza mara mbili.

Sasa nataka kuihakiki ile sanamu, kama vile tunavyohakiki kitabu ao filamu hapa. Najua wengine watasema: kuna nini cha kuhakiki kwenye ronpwe? Magari yanazunguka, basi. Lakini sanamu ni maneno ambayo mji unasema kila siku bila kunyamaza, na maneno ya namna hiyo tunapaswa kuyasikiliza vizuri kuliko mengine. Jicho ninalotumia sikulipata darasani. Nililipata Ngungu, kwetu, kwenye duka la fundi wa velo, siku niliyojifunza kutoa bage na kuweka ingine.

Kwanza niitendee sanamu haki. Ilizinduliwa mwaka 2009 na Rais Joseph Kabila. Katika nchi ambayo sehemu nzuri za barabara hupewa wakubwa, mfano wa mtu wa mizigo umewekwa katikati ya mji, juu, ambapo hata mwenye jipu la vioo vyeusi analazimika kumzunguka. Hilo si jambo dogo. Na mji wenyewe unajua kwa nini anastahili. Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto wake ndani ya Goma, na watu wakajenga upya juu ya lile jiwe jeusi. Mbao, mabati, maji, viazi: vingi vilifika kwa chukudu. Kwa hiyo sisemi sanamu ni ya uongo. Nasema ina kitu imekiacha, na hicho ilichokiacha ndicho kinachobeba uzito wote.

Ili mnielewe, niwapeleke kwanza Ngungu.

Nilinunua velo ya okazyo Goma, ile ya matairi manene, yenye furshe ya amortisere mbele. Niliipenda juu ya ile furshe. Nilikuwa nimemaliza masomo ya mekanike, nilijua kuchora springi na kuhesabu nguvu yake, na nilijiona nafaa kupanda kitu chenye springi. Mnaojua barabara ya kutoka Ngungu kushuka upande wa ziwa mnajua kwamba si barabara ya kujionyesha. Mawe, matope, mifereji ya mvua iliyokata njia katikati. Msimu mmoja wa mvua ukapita. Kila nilipokamata freni ya mbele, velo ikaanza kunijibu: ko! Nikiachia: ko! Usukani ukawa unatetemeka mikononi kama mtu mwenye homa.

Mimi injenieri nikaamua ni rulma za usukani. Nikazikaza. Sauti ikabaki. Nikazikaza tena, mpaka usukani ukawa mgumu kugeuka, na kwenye kona moja nikaingia shambani kwa watu, ndani ya maharagwe. Mama mwenye shamba akaniangalia, akauliza tu: "Papa, barabara haikukutosha?"

Nikaenda kwa Mzee. Ni fundi wa zamani, kila mtu wa senta anamjua, na jina lake sina ruhusa ya kuliandika hapa. Hakufungua kitu. Alikamata freni ya mbele, akaniambia nisukume velo mbele na nyuma, polepole. Yeye akaweka vidole pale usukani unapoingia kwenye fremu. "Hapa, hakuna." Kisha akashusha vidole mpaka pale bomba jembamba la furshe linapoingia ndani ya bomba nene. "Weka kidole yako." Nikaweka. Nikasikia bomba likicheza chini ya kidole changu, kama jino la mtoto linalotaka kutoka.

"Mutoto yangu," akasema, "usukani njo inalia, lakini ugonjwa haiko kwa usukani. Ni bage."

Bage ni kile kipete kinachokaa kati ya bomba na bomba ili vyuma viwili visisuguane. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaita bushi. Kwenye furshe kama yangu ziko mbili kila mguu: moja juu, karibu na mdomo wa bomba nene, na moja chini, inayoshika ncha ya bomba jembamba. Furshe za bei kubwa zina bage nyembamba za chuma zilizopakwa ngozi ya kuteleza. Yangu zilikuwa za plastiki. Kwenye ile karatasi ya duka walisifia springi, rangi na jina. Bage hazikutajwa.

Tukafungua. Gurudumu kwanza, halafu freni. Vifuniko vya juu vikatoka, springi zikatoka nyuma yake. Chini ya kila mguu kuna bulo moja iliyojificha ndani. Mzee akaifungua na ufunguo wa pembe sita, akagonga kidogo, na mabomba manene yakatoka yote mawili pamoja. Maji meusi yakamwagika. Yalikuwa mvua ya msimu mzima, matope na kile kilichokuwa grese zamani. Akainua kile kilastiki cha kuzuia vumbi, akapitisha ncha ya turnavisi pembeni, bage ya juu ikaruka na kuanguka mkononi mwangu.

Upande mmoja ilikuwa bado nene. Upande wa pili imekuwa nyembamba kama ukucha. Hapo nikaelewa mambo ambayo nilikuwa nimeyaandika kwenye mtihani na kupata pointi nzuri: ukikamata freni, gurudumu linataka kubaki nyuma na wewe unaenda mbele, bomba linalalia upande mmoja wa bage, na kila jiwe la barabara linalikandamiza papo hapo. Bage hailiki mviringo wote sawasawa. Inalika pale inapobebeshwa. Ukiangalia bage iliyokwisha, unaweza kusoma barabara ilipita wapi.

Nikauliza tutapata wapi ingine. Mzee akacheka. Nilishauliza Goma mwenyewe, kwenye maduka zaidi ya moja: bage hawauzi, wanauza furshe nzima, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya pesa niliyonunulia velo. Tusidhani hayo ni matatizo yetu peke yetu. Hata kwa wazungu, kwenye furshe za bei ya juu, kutoa bage kunataka kifaa maalum cha kuvuta na kingine cha kusukumia na kupanua mpaka kipimo, kwa hiyo mara nyingi karakana zinaona rahisi kubadilisha mabomba yote ya chini. Tofauti ni kwamba wao wana karakana na wana mabomba hayo. Sisi tuna Mzee.

Mzee alikuwa na kipande cha tiyo ya maji, plastiki ngumu, nene. Akakikata kwa urefu wa bage, halafu akapasua ubavu wake kwa mshazari, isiwe wima. Akaeleza: mpasuko ukiwa wima, makali yake yanakutana na bomba kwa mstari mmoja na kulikwaruza, ukiwa mshazari, bomba linaupita bila kujua. Akatia ndani ya maji ya moto, akakunja kufuata bomba, akaacha ipoe. Ikabaki kupunguza unene. Alikuwa anapima kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa: kikiingia, bado, kikikataa, imefika.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba ndani ya mfuko wangu mna kalipa, ile niliyonunua mwaka wa pili juu profesere alidai kila mtu awe nayo. Tangu defanse sikuwa nimeigusa. Nikaitoa kwa haya. Bomba jembamba: milimita 28. Bage ya zamani, upande mnene: 1.5. Upande uliokwisha: 0.6. Mzee akaangalia namba, akachukua lima, akasema: "Sasa uko na kazi. Unipimie, mie nakata."

Tulifanya hivyo mpaka saa nane. Ikikaza sana, bomba linakwama na furshe inakuwa fimbo. Ikilegea, ko! inarudi. Kipimo cha mwisho hakikuwa cha kalipa. Mzee alisimamisha bomba, akaliachia lishuke lenyewe kwa uzito wake. "Ishuke kama muzee anaikala kwa kiti," akasema. "Isianguke, isikatale." Ya tatu ndiyo ilishuka hivyo. Tukaosha mabomba kwa sabuni, tukakausha, tukapaka grese mpya, tukafunga.

Nikamwuliza kwa nini wenye kutengeneza wasiweke kitu kigumu zaidi, kisichokwisha. Jibu lake nimelibeba tangu siku hiyo:

"Bage njo inakulika juu furshe isikulike. Ukiweka bage ngumu kuliko bomba, utatupa bomba."

Wakati wote huo, mlangoni alikaa chukuderi mmoja akingoja zamu. Gurudumu la mbele la chukudu yake lilikuwa linalala upande. Chukudu, kwa mnaosoma mkiwa mbali, ni kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kilichoonekana kwetu Kivu miaka ya 1970: fremu ya mkaratusi, magurudumu ya mti mgumu yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Kikipakiwa viazi, maharagwe ao makala, kinabeba kilo mia kadhaa. Kwenye mteremko mtu anapanda juu yake. Kwenye mlima anakuwa yeye injini. Katikati ya gurudumu panakaa rulma, mara nyingi iliyotolewa kwenye mashine ingine iliyokufa. Rulma ya ndugu huyu ilikuwa imekwisha, na shimo la mti lililoishika nalo limeanza kupanuka. Alinionyesha kovu kwenye paja. Mara ya kwanza gurudumu lilipolala, alikuwa kwenye mteremko na mzigo nyuma yake. Mzigo haukusimama alipotaka kusimama.

"Kwa nini hukubadilisha mapema?" nikauliza, swali la mtu ambaye hajawahi kubeba.

"Siku ya kubadilisha ni siku ya kulala njaa," akajibu.

Alinieleza hesabu yake, na haina ugumu wowote. Rulma ni pesa. Kazi ya fundi ni pesa. Na siku chukudu inapolala kwa fundi, haileti kitu. Kwa hiyo kila mmoja anasukuma mpaka kifaa kikatae kabisa, na kinapokataa, mara nyingi kinakatalia mahali pabaya. Mzee alijaza lile shimo lililopanuka kwa kipete cha mti mgumu, akakipiga kwa nyundo, akaweka rulma ndani yake. Bage ya mti. Nikatabasamu kidogo, kama mtu aliyeona dawa ya kienyeji. Baadaye niliona haya, na nitaeleza kwa nini.

Wiki chache baada ya hapo nikashuka Goma, nikaenda kwenye ronpwe. Nikaizunguka sanamu kwa miguu, huku motari wananipigia honi. Nilitafuta pale gurudumu linapokutana na ekse. Niliona rangi ya dhahabu tu, imepita juu ya kila kitu kama ngozi moja. Mtu, usukani, fremu, magurudumu: kitu kimoja. Hakuna mahali kitu kinasugua kitu. Nilipomhadithia Mzee, kumbe naye alikuwa ameiona zamani. Alisema: "Ni muzuri. Lakini haizunguke."

Huo ndio uhakiki wangu kwa neno moja, na ni wa Mzee. Chombo kimechongwa bila kiungo. Mtengenezaji amependa nguvu ya mtu na umbo la chombo, na vyote viwili ameviona vizuri. Lakini chukudu halisi inaishi kwenye viungo vyake. Pale ndipo inalia, pale ndipo inakula pesa, pale ndipo inavunja mguu wa mtu. Ukiondoa viungo unabaki na mtu asiyechoka juu ya kitu kisichoharibika. Na mtu asiyechoka, juu ya kitu kisichoharibika, hahitaji chochote kutoka kwetu. Hahitaji barabara wala rulma ya bei nzuri, na hahitaji siku ya kupumzika wala hospitali. Anahitaji picha tu.

Rangi nayo ina kesi. Najua dhahabu ni heshima. Lakini kwetu dhahabu ni kitu kinachotoka ardhini na kuondoka. Wanaoichimba hawabaki nayo. Kumpaka chukuderi rangi hiyo bila kuonyesha jasho lake wala grese mikononi mwake ni kumfanya mali nzuri ya kutazama. Ningependelea rangi ya mti wenyewe, na kitovu cha gurudumu kilichochakaa upande mmoja, ili mtoto anayepita na mama yake aulize: "Mama, kwa nini pale pamelika?" Swali hilo lingefundisha kuliko bango lolote.

Mtasema sanamu haiwezi kubeba mambo yote. Ni kweli. Sanamu huchagua, na huyu alichagua ushindi, miaka saba tu baada ya lava, wakati mji ulihitaji kujiona umesimama. Mwaka huo, labda hata mimi ningechagua hivyo. Kosa kubwa haliko kwake, liko kwetu tuliokuja nyuma. Tulipaswa kuongeza kile kilichobaki. Tumerudia dhahabu ileile kwa maneno. Angalieni maandishi yetu hapa. Chukudu ni "ubunifu", chukuderi ni "shujaa", Kivu ni "rezilianse". Nimejitafuta mimi pia: kwenye travay yangu ya mwisho niliandika sura nzima juu ya springi na amortisere, na neno bage halimo. Jedwali ziko, kurva ziko. Sehemu inayokwisha haimo.

Sasa nirudi kwenye ile haya niliyoahidi kueleza. Nilipocheka bage ya mti ya Mzee, nilikuwa nimesahau kwamba meli kubwa za dunia zilizungushia mashafti yake ndani ya mti kwa miaka mingi. Kuna mti wa Karibiani na Amerika ya Kati unaoitwa lignum vitae, mzito kiasi kwamba unazama majini, na una utomvu wake wa mafuta unaoulainisha kutoka ndani. Waliutumia kwenye shafti za pangaboi, na hata Nautilus, nyambizi ya kwanza ya nguvu za nyuklia, iliyoshushwa majini Marekani mwaka 1954, ilikuwa na bage za mti huo. Mti ni mti. Wale waliupima, wakaandika unavumilia uzito gani, unakwisha kwa mwendo gani, unabadilishwa lini. Mzee wetu amejaribu miti kwa miaka yote ya kazi yake. Anajua upi unapasuka, upi unakunywa maji, upi unakaa. Elimu hiyo iko kichwani mwake na mikononi mwake. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kukaa naye na daftari. Na vita vimepita Ngungu zaidi ya mara moja. Tunajua jinsi elimu iliyo kichwani mwa mtu mmoja inavyoweza kuondoka siku moja asubuhi.

Kwa hiyo sitaki sanamu iondolewe. Ibaki, na muendelee kupiga picha. Naomba mambo mawili madogo. La kwanza: nimeanza orodha ya vipimo, daftari la kurasa ishirini tu. Unene wa bomba, unene wa bage, rulma ya namba gani inaingia kwenye chukudu ya namna gani, mti gani umewekwa na umekaa miezi mingapi. Kila mhitimu mwenye kalipa inayolala kwenye mfuko anaweza kuongeza ukurasa mmoja kutoka kwao: Sake, Kitchanga, Walikale, Minova, popote. Tukiwa na vipimo vya kutosha, mtu mwenye tur Goma anaweza kutukatia bage mia kwa mara moja, na bage mia hazitakuwa na bei ya furshe mia.

La pili: mnaoandika travay mwaka huu, kabla ya kuandika "rezilianse", nendeni mkaulize kitu gani kinakwisha ili vingine visikwishe, na nani analipa siku ya kukibadilisha. Mara nyingine mtakuta ni plastiki. Mara nyingine mtakuta ni paja la mtu.

Velo yangu inashuka vizuri sasa. Bage ya tiyo imeshafika mwezi wa tano, na juzi nilipoweka kidole pale mdomoni, nilisikia kwa mbali imeanza kucheza, kidogo sana, upande wa mbele. Nimeiandika kwenye daftari, na tarehe.